Philip Omondi: Nyota wa Uganda aliyeacha mjadala usiokwisha juu ya pacha wake bora wa mabao

Kutoka Rukoki, kaskazini mwa mji wa Kasese chini ya milima ya Rwenzori, hadi uwanja wa Nakivubo mjini Kampala ni zaidi ya kilomita 300. Hata hivyo, umbali huo haujawahi kuwazuia mashabiki wa kandanda wa magharibi mwa Uganda kushiriki katika mjadala ambao umedumu kwa takriban nusu karne: ni washambuliaji gani wawili waliocheza vizuri zaidi pamoja katika historia ya klabu ya KCC na ya timu ya taifa, Cranes?

Majina ya pili hubadilika kulingana na umri wa anayezungumza. Wapo wanaomtaja Jimmy Kirunda, wapo wanaomtaja Stanley Mubiru, na wapo wanaoitaja safu nzima ya mbele iliyokwenda Ghana mwaka 1978. Jina la kwanza ndilo halibadiliki. Ni Philip Omondi, aliyezaliwa mwaka 1957 na kufariki dunia mwaka 1999, ambaye Waganda wengi humhesabu kuwa mchezaji bora zaidi kuwahi kutokea nchini mwao.

Mtu asiyejua historia ya Uganda anaweza kuudhani mjadala huu kuwa maongezi ya kupitisha jioni tu. Kwa kizazi kilichomwona Omondi au kumsikia redioni, ni namna ya kuzungumzia miaka ambayo nchi ilikuwa na mambo machache sana ya kufurahia, na jinsi furaha hiyo ilivyokatika ghafla.

Timu ya wazoa taka

Omondi ni jina la Kijaluo, na kwa desturi hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa alfajiri. Kampala ya utoto wake ilikuwa imejaa majina ya aina hiyo, yaliyofika na reli, viwanda na kazi za mji kutoka kila upande wa Afrika Mashariki. Soka ya mji huo nayo ilikuwa ya wafanyakazi. Ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1968, klabu nyingi zilikuwa za taasisi, kama vile jeshi, magereza na kahawa. Kipaji kilimpatia kijana ajira, na ajira hiyo ndiyo iliyomlipa, kwa kuwa mshahara wa kucheza mpira peke yake haukuwepo.

KCC ilizaliwa katika mazingira hayo hayo. Tarehe 12 Aprili 1963, Samuel Wamala, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha majitaka katika Baraza la Jiji la Kampala, aliwakusanya wafanyakazi wenzake na kuunda timu ya kujiburudisha baada ya kazi. Wapinzani waliwapachika jina la Kasasiro, neno la Kiganda lenye maana ya takataka. Wenyewe walilikubali jina hilo, wakalivaa kama nishani, na hadi leo mashabiki wa klabu hiyo yenye jezi za njano hujiita kwa fahari vijana wa Kasasiro.

Aliyeibadilisha timu hiyo ya burudani kuwa klabu ya kuogopwa ni Jaberi Bidandi Ssali, mwalimu wa mpira na kiongozi ambaye baadaye angeifundisha timu ya taifa, kuwa waziri wa serikali za mitaa, na hata kugombea urais wa Uganda mwaka 2011. Bidandi aliamini katika vijana. Katikati ya miaka ya 1970, KCC ilipoingia katika ligi kuu, ilikuja na kikosi cha wachezaji wa umri mdogo waliopenda kuumiliki mpira, kupasiana kwa haraka na kushambulia. Miongoni mwao alikuwa Omondi, kijana ambaye hakuwa amefikisha miaka 20.

Mafanikio hayakuchelewa. KCC ilitwaa ubingwa wa Uganda kwa mara ya kwanza mwaka 1976 na kuutetea mwaka 1977. Klabu iliyoanza na watu wa majitaka ilikuwa sasa juu ya timu ya jeshi, juu ya polisi, na juu ya Express, klabu kongwe yenye umati mkubwa wa wafuasi jijini.

Namna alivyocheza

Omondi hakuwa mshambuliaji wa kusimama karibu na lango akisubiri kupikiwa. Alianzia nyuma kidogo ya mshambuliaji wa mwisho, akapokea mpira kutoka kwa viungo, akawavuta mabeki kwake, kisha akachagua: kupita, kupiga au kutoa pasi. Chenga zake ndizo zilizowajaza watu viwanjani, lakini wachezaji wenzake walinufaika zaidi na kile kilichofuata baada ya chenga. Mabeki wawili walipomfuata yeye, mtu mmoja alibaki huru mahali fulani.

Hapo ndipo chimbuko la mjadala wa mapacha lilipo. Mchezaji wa aina yake huwafanya wengi walio karibu naye waonekane bora. Beki anayemkaba mfungaji mwenye nguvu za mwili hujua kazi yake. Anapoongezewa mtu wa pili anayecheza kati ya mistari, kazi hiyo hugeuka kuwa fumbo. Akitoka kumfuata Omondi, anaacha nafasi nyuma yake. Akibaki, Omondi anageuka na kulitazama lango. Kila aliyewahi kucheza mbele yake aliishi kwa kutumia sekunde moja ya kusitasita ya beki huyo.

Hoja ya kwanza: Omondi na Kirunda

Mashabiki wa KCC wanaoanza na jina la Jimmy Kirunda wana tarakimu moja mkononi, nayo ni nzito. Katika msimu wa ligi wa 1978, Kirunda alifunga mabao 32.

Kinachoifanya tarakimu hiyo iwe ya ajabu ni kwamba katika timu ya taifa Kirunda alikuwa beki, tena nahodha. Aliyezoea kuzuia mashambulizi ya wapinzani akiwa na Cranes, katika klabu aliachiwa kwenda mbele. Alikuwa na mwili, alikuwa na kichwa kizuri cha mipira ya juu, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa mlinzi, alijua walinzi wanaogopa nini. Akiwa na Omondi upande wake, KCC ilikuwa na nguvu na ufundi katika safu moja.

Wanaopinga hoja hii hukumbusha kuwa ubingwa wa ligi wa mwaka huo wa 1978 haukwenda KCC, bali kwa Simba, timu ya jeshi la Uganda, ambayo mwaka 1972 ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika na kushindwa na Hafia ya Guinea. Wanaotetea hujibu kwa taji jingine. Mwaka huo wa 1978, KCC ilikuwa klabu ya kwanza ya Uganda kutwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati, ikiishinda Simba ya Dar es Salaam kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya bila mabao.

Fainali hiyo ya Uganda na Tanzania ina uchungu wake. Kabla mwaka haujaisha, nchi hizo mbili zilikuwa vitani.

Hoja ya pili: Omondi na Mubiru

Kundi la pili la mashabiki halitaki kusikia habari za klabu. Kwao, pacha halisi wa Omondi alivaa jezi ya Express siku za ligi na jezi ya taifa siku za Cranes. Huyo ni Stanley Mubiru, ambaye umati ulimpa jina la Tank, yaani kifaru cha kivita, kwa namna alivyowapitia mabeki.

Uganda ya miaka hiyo ilikuwa tishio katika kanda. Ilitwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mwaka 1973 nyumbani Kampala, kisha mwaka 1976 Zanzibar, na tena mwaka 1977 Mogadishu. Katika fainali zote mbili za ugenini iliyofungwa ni Zambia, ya kwanza kwa mabao 2-0, ya pili kwa penalti. Katika kipindi hicho hicho Cranes ilifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika mara 3 mfululizo: mwaka 1974 nchini Misri, mwaka 1976 nchini Ethiopia, na mwaka 1978 nchini Ghana.

Hoja ya kundi hili inahusu tofauti za watu wawili. Mubiru alikwenda kwa nguvu na kwa mstari ulionyooka; Omondi alikwenda kwa hila na kwa kona. Katika ligi walikuwa mahasimu, kwa kuwa KCC na Express zilikuwa na uhasama mkubwa, na mashabiki waliokaa pande mbili za Nakivubo wiki moja walijikuta wiki iliyofuata wakishangilia wote kwa pamoja. Kwa wengi, hilo ndilo lililofanya ushirikiano wao uwe na ladha ya pekee: jirani uliyemtukana Jumamosi ndiye uliyemkumbatia bao lilipoingia.

Uhasama huo ulikuja kuguswa na mkono usio wa mpira. Mwaka 1977 serikali ya Idi Amin iliifungia Express isicheze. Klabu yenye wafuasi wengi namna ile, wanaokusanyika na kuimba kwa pamoja, ilikuwa imeanza kutiliwa shaka. Tangu hapo, kuwa shabiki wa soka Kampala hakukuwa jambo jepesi kama lilivyoonekana. Klabu hiyo ilirudi uwanjani baada ya utawala huo kuanguka.

Hoja ya tatu: safu ya Ghana

Kundi la tatu ndilo kubwa zaidi nje ya Kampala, na sababu yake inaeleweka. Mtu aliyeishi Kasese au Bwera katika miaka ya 1970 hakuwa na nafasi ya kwenda Nakivubo kila wiki. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya migodi ya Kilembe ilibeba pia abiria, lakini safari ya kwenda jiji kuu na kurudi ilitaka muda na fedha. Waliobaki magharibi walimjua Omondi kwa masikio. Redio ndiyo iliyowapa uwanja, umati na mabao, na mashindano yaliyoacha alama kubwa zaidi katika kumbukumbu hiyo ni yale ya Machi 1978.

Uganda ilipangwa Kumasi, katika kundi moja na Tunisia, Kongo, na Morocco iliyokuwa bingwa mtetezi. Wachache nje ya Uganda waliipa nafasi. Ilianza kwa kuifunga Kongo 3-1. Katika mechi ya pili ilirudishwa chini na Tunisia kwa kipigo cha 3-1. Ikabaki Morocco, na Cranes ikawafunga mabingwa hao 3-0. Uganda na Tunisia zilimaliza zikiwa na pointi 4 kila moja, kwa hesabu ya wakati huo ya pointi 2 kwa ushindi, lakini Uganda ilikuwa na tofauti nzuri zaidi ya mabao na ikaongoza kundi.

Nusu fainali iliikutanisha na Nigeria ya Segun Odegbami. Abdulla Nasur aliipatia Uganda bao la mapema. Nigeria ikasawazisha mwanzoni mwa kipindi cha pili kupitia Martin Eyo, na dakika chache tu baadaye Omondi akafunga bao lililoipeleka Uganda fainali kwa ushindi wa 2-1. Hakuna timu ya Uganda iliyokuwa imewahi kufika hapo, na hakuna iliyofika tena tangu siku hiyo.

Safu iliyofanya kazi hiyo haikuwa ya watu wawili. Walikuwepo Godfrey Kisitu, Sam Musenze, Fred Isabirye na wengineo, huku Kirunda akiwa nyuma, amerudi kwenye kazi yake ya ulinzi na unahodha. Ndiyo maana mashabiki wa kundi la tatu hukataa swali lenyewe. Kwao, kumtafutia Omondi pacha mmoja ni kuwanyima haki wengine. Timu ya kocha Peter Okee ilifunga mabao 9 kabla ya fainali, na Omondi, pamoja na umahiri wake wote, alifunga 3 kati ya hayo.

Fainali ilichezwa Accra tarehe 16 Machi 1978, mbele ya umati wa wenyeji. Opoku Afriyie aliifungia Ghana mabao yote 2, na Ghana ikawa nchi ya kwanza kutwaa kombe hilo mara 3, ikaruhusiwa kulichukua moja kwa moja. Uganda ilirudi na nafasi ya pili. Omondi alirudi na heshima ambayo hakuna Mganda mwingine ameipata: alikuwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao 3, sawa na Odegbami wa Nigeria na Afriyie wa Ghana. Alikuwa na umri wa miaka ipatayo 21.

Furaha chini ya kivuli

Mashabiki waliokuwa watu wazima wakati huo hawawezi kusimulia Machi 1978 bila kusita mahali fulani. Nchi iliyokuwa ikishangilia ilikuwa katika mwaka wa 8 wa utawala wa Idi Amin. Raia wenye asili ya Asia walikuwa wamefukuzwa mwaka 1972, biashara zilikuwa zimedorora, sukari na sabuni zilitafutwa kwa foleni, na familia nyingi zilikuwa na mtu aliyechukuliwa usiku asirudi. Kilembe kwenyewe, uzalishaji wa shaba ulikuwa ukishuka, na pamoja nao ajira zilizoujenga mji wa Kasese.

Amin alipenda michezo. Mwenyewe aliwahi kuwa bingwa wa ndondi wa Uganda, na alijua thamani ya ushindi wa timu ya taifa kwa serikali isiyopendwa. Kutokana na hilo, swali limebaki kwa miaka mingi: je, mabao ya Omondi yalikuwa ya nchi au ya mtawala?

Jibu la mashabiki wengi hutolewa kwa vitendo kuliko kwa maneno. Katika simulizi zao za Ghana, jina la Amin halimo. Wanataja pasi, wanataja beki aliyeanguka, wanataja jirani aliyekuwa na redio yenye betri mpya. Jioni ya nusu fainali, watu waliokuwa wakiogopana waliketi karibu na sauti moja na kushangilia jambo lile lile. Ni vigumu kuwaambia kwamba furaha hiyo haikuwa yao.

Hata hivyo, utawala uliwapokonya kile kilichopaswa kufuata. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Tanzania ilijibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Ilikuwa imepita miezi 13 tu tangu fainali ya Accra. Timu iliyokuwa na mfungaji bora wa Afrika mwenye umri wa miaka 21 ilipaswa kuwa katika mwanzo wa safari yake. Badala yake, ilikuwa imefika mwisho.

Ughaibuni na kurudi

Katika miaka iliyofuata, wachezaji bora wa Uganda walitafuta riziki nje. Kwa wengi mlango uliofunguka ulikuwa wa Ghuba, ambako fedha za mafuta zilikuwa zimeanza kujenga ligi na viwanja. Omondi alikwenda Umoja wa Falme za Kiarabu na kujiunga na klabu ya Sharjah. Huko alipata malipo ambayo Kampala haikuweza kuyatoa. Waganda nao walipoteza miaka kadhaa ya ubora wake, bila picha wala matangazo ya kuwafikishia alichokuwa akikifanya.

Nyumbani, KCC haikufa. Ilitwaa Kombe la Uganda mwaka 1979 na 1980, na ubingwa wa ligi mwaka 1981, 1983 na 1985. Mpinzani mpya alikuwa amezaliwa: Villa, iliyopata ubingwa wake wa kwanza mwaka 1982, na mechi za klabu hizo mbili zikawa ndizo kubwa kuliko zote katika muongo huo. Omondi alirejea KCC na kucheza katika enzi hiyo, sasa akiwa mtu mzima kati ya vijana waliokuwa watoto wakati wa Accra.

Kizazi cha mashabiki kilichomwona wakati huo kina picha tofauti. Kinamkumbuka mchezaji aliyekimbia kidogo na kuona mengi, aliyemwelekeza mshambuliaji kijana mahali pa kwenda kabla mpira haujafika. Kundi hili halina jina moja la kulipigania katika mjadala wa mapacha. Linasema tu kwamba yeyote aliyecheza mbele ya Omondi alifundishwa kazi huku mechi ikiendelea.

Pengine ndiyo sababu haikumshangaza mtu alipogeukia ukocha, tena katika klabu ile ile. KCC ilikuwa imempokea akiwa kijana, ikampoteza kwa Ghuba, ikampokea tena, na sasa ikampa vijana wake awalee. Alipofariki dunia mwaka 1999, alikuwa katika miaka ya mwanzo ya arobaini, umri ambao walimu wengi wa mpira ndipo wanapoanza kujulikana.

Jina juu ya lango

Omondi hakuishi kuiona Uganda ikirudi katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Baada ya 1978, Cranes ilikaa nje ya mashindano hayo kwa miaka 39, hadi ilipofuzu fainali za mwaka 2017 nchini Gabon. Vizazi viwili vya washambuliaji wazuri vilipita bila kuvaa jezi ya taifa katika mashindano hayo. Kila kampeni iliposhindikana, hesabu ilirudi pale pale: tangu Accra, tangu Omondi.

Klabu yake, ambayo sasa inaitwa KCCA baada ya baraza la jiji kubadilishwa kuwa mamlaka, ililipa jina lake uwanja wake wa nyumbani ulioko Lugogo. Majina ya wadhamini yamekuja na kuondoka juu ya lango la uwanja huo, lakini tangu mwaka 2021 jina la Omondi limerudi kusomeka hapo pamoja na la mdhamini. Vijana wanaocheza Lugogo leo wamezaliwa baada ya kifo chake. Wengi wao hawajawahi kuona hata dakika moja ya picha za mechi zake.

Hilo ndilo jambo linaloupa mjadala wa mashabiki uzito kuliko unavyoonekana. Washambuliaji wa Ulaya wa miaka ya 1970 wana filamu, na mtu yeyote anaweza kuhukumu kwa macho yake. Omondi na wenzake wana takwimu chache na kumbukumbu za watu wanaozidi kupungua. Kirunda naye alifariki mwaka 2020. Kila mzee anayeondoka Kampala, Kasese au Bwera huondoka na sehemu ya ushahidi.

Kwa hiyo swali la nani alikuwa pacha bora huenda halitajibiwa kamwe, na pengine hakuna anayetaka lijibiwe. Anayemchagua Kirunda anaikumbuka klabu iliyoanza kwa wazoa taka na kulitawala jiji. Anayemchagua Mubiru anazikumbuka siku ambazo mahasimu walikaa upande mmoja. Anayewachagua wote wa Ghana anaikumbuka jioni ya Machi ambapo nchi yenye hofu ilisahau hofu yake kwa dakika 90.

Na kijana wa Rukoki anayesikiliza pembeni, ambaye mapacha wake wa mabao ni wale anaowaona kila wikendi katika ligi za mbali, hupata kitu ambacho runinga haimpi. Hujua kwamba kabla hajazaliwa, mtu mmoja aliyekulia katika timu ya wafanyakazi wa jiji aliwahi kuwa mfungaji bora wa Afrika nzima, na kwamba kila anayemkumbuka hawezi kumtaja bila kumtaja mwenzake.